Nyika si ardhi tupu, swala twiga ni shahidi

Mwaka wa 1994 nilimnyima mwanafunzi wangu alama mbili alizostahili. Swali la mtihani wa Biolojia lilikuwa jepesi, au ndivyo nilivyodhani nilipolitunga: taja mnyama mmoja anayeishi mahali pakame, kisha ueleze mambo mawili yanayomwezesha kuishi huko. Darasa lilikuwa na wanafunzi arubaini. Thelathini na wanane walimtaja ngamia. Mmoja aliliacha swali wazi. Aliyesalia, kijana mtaratibu kutoka upande wa kaskazini mashariki aliyezoea kuketi nyuma ya darasa, aliandika gerenuk. Chini ya jina hilo akaeleza kwamba mnyama huyo hula akiwa amesimama kwa miguu miwili, na kwamba hanywi maji.

Niliyakata majibu yake kwa wino mwekundu. Siku ya kurudisha karatasi alinijia mezani, akasimama kwa adabu na kusema, "Mwalimu, mnyama huyo yuko kwetu. Babu yangu amechunga ngamia maisha yake yote na hajapata kumwona kisimani."

Nikamjibu, "Hakuna mnyama asiyekunywa maji. Nenda ukasome kitabu."

Hakubishana nami. Aliichukua karatasi yake, akarudi kuketi. Ilinichukua miaka mitatu kutambua kwamba kijana yule alisema kweli tupu, nami niliyekabidhiwa chaki ndiye niliyekuwa mjinga.

Msomaji mpendwa, mnyama aliyenitia aibu ndiye ninayetaka tumzungumzie leo. Kwa Kiswahili twamwita swala twiga. Wasomali humwita garanuug, na neno hilo ndilo Waingereza walilolitohoa wakapata gerenuk. Nina sababu ya kumleta ukumbini. Kwa muda mrefu tumewafundisha watoto wetu kwamba sehemu kame za nchi hii ni ardhi tupu, ardhi ya miiba isiyofaa kitu. Mwili wa swala twiga, kuanzia midomo hadi kwato, ni ushahidi kwamba mafunzo hayo ni ya uongo. Waalimu tusipoyasahihisha sisi, sijui ni nani atakayeyasahihisha.

Nilimwona kwa macho yangu mara ya kwanza mnamo Agosti 1997. Nilikuwa nimewapeleka wanachama wa klabu ya wanyamapori ya shule yetu katika Mbuga ya Tsavo Mashariki. Klabu hizo zina historia ndefu hapa kwetu. Zilianzishwa mwaka wa 1968, na zimewafikisha mbugani watoto wengi ambao wasingalifika kwa njia nyingine. Basi letu liliingia kwa lango la Voi asubuhi. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na wanafunzi walikuwa wakilalamika kwamba hawaoni chochote ila vichaka vya kijivu na vumbi jekundu. Ghafla msichana mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, tazama yule mbuzi!"

Hakuwa mbuzi. Alikuwa swala wa rangi ya kahawia iliyokoza mgongoni, shingo ndefu kama ufito, amesimama wima kwa miguu ya nyuma mbele ya mgunga. Kichwa chake kilikuwa kimezama katikati ya matawi. Alikula taratibu, akisogea huku na huku kama mtu achumaye matunda. Dereva alizima injini. Kwa muda wa dakika kadhaa hapakuwa na mwanafunzi aliyenena. Mimi nilikuwa nikiikumbuka ile karatasi yenye wino mwekundu.

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Hebu basi tuutazame muundo wa mnyama huyu, kwani ndimo lilimo somo.

Swala twiga ana uzito wa kati ya kilo 28 na 52 hivi, dume akimzidi jike. Bega lake huinuka kiasi cha mita 1 kutoka ardhini. Miguu yake ni mirefu na myembamba, na kichwa chake ni kidogo, kimechongoka kama kabari. Dume pekee ndiye mwenye pembe. Shingo yake ndiyo huvuta macho ya kila mtu, na pia ndiyo huwapotosha wengi. Wanafunzi hudhani kwamba ina mifupa mingi kuliko shingo za wanyama wengine. La hasha! Ina pingili 7, sawa na shingo ya twiga, ya mbuzi, ya panya, na ya mwalimu anayelifundisha somo hilo. Kilichoongezeka ni urefu wa kila pingili.

Hata hivyo, shingo peke yake isingalimfaa sana. Siri kubwa imo katika kiuno na nyonga. Pingili za kiuno na viungo vya nyonga vyake vina umbo linalomruhusu kuunyosha mwili wake juu ya miguu ya nyuma, hata mgongo na miguu hiyo vikakaribia kuwa mstari mmoja. Kila mtoto aliyewahi kuchunga anajua kwamba mbuzi naye husimama. Lakini mbuzi aghalabu hukanyaga shina au tawi kwa miguu ya mbele ili asianguke. Swala twiga aweza kusimama pasi na kuegemea kitu, akauzunguka mti huku akila, na kwato za mbele akazitumia kuyashusha matawi. Kwa njia hii huyafikia majani yaliyo juu kwa zaidi ya mita 2.

Akishayafikia, kazi ingali mbele yake. Mimea ya nyika haitoi majani yake bure. Aliyewahi kunaswa shati na kikwata anajua jinsi miiba yake ilivyopinda kama ndoana. Ukijivuta mbele inazidi kukushika. Ng'ombe, mwenye mdomo mpana ulioumbwa kwa kufagia nyasi, hawezi kitu hapo. Swala twiga ana mdomo mwembamba, na ule wa juu ni mrefu na mwepesi wa kujongea. Huupenyeza katikati ya miiba, akachagua jani moja moja, chipukizi, ua au tunda, kisha akautoa salama.

Uchaguzi huo ndio ufunguo wa maisha yake. Mtafiti Walter Leuthold, aliyemchunguza mnyama huyu huko Tsavo na kuandika juu yake katika miaka ya 1970, alipata kwamba hula zaidi ya aina 80 za mimea. Wakati wa mvua hula machipukizi ya migunga, ya miti ya jamii ya manemane na ya vichaka vingine vinavyochanua upesi. Kiangazi kikiingia na vichaka hivyo vikapukutisha majani, yeye huigeukia mimea michache isiyopukutisha. Nyasi ni kama hazimo katika chakula chake. Naye R. R. Hofmann, aliyefundisha Nairobi na kitabu chake juu ya matumbo ya wanyama wanaocheua wa Afrika Mashariki kikachapishwa papa hapa mwaka wa 1973, alionyesha kwamba tumbo la mnyama wa aina hii linaafikiana na majani laini yenye lishe nyingi, ilhali la nyati au ng'ombe limeumbwa kwa wingi wa nyasi ngumu. Kwa hivyo, shingo, nyonga, mdomo na tumbo vyote vimeungana katika kazi moja.

Tukifika hapo, suala la maji nalo linajibika. Machipukizi, maua na matunda yana maji ndani yake. Mnyama anayejua kuyachagua hunywa akiwa anakula. Saa za jua kali swala twiga hujipumzisha kivulini, asiyapoteze maji aliyoyapata. Ndiyo maana ni nadra mno kumkuta kisimani, na anaweza kuishi mbali na mto au bwawa mwaka nenda mwaka rudi. Jirani yake choroa ana njia nyingine inayostaajabisha vilevile. Mwanasayansi C. R. Taylor, aliyefanya uchunguzi wake hapa Kenya katika miaka ya 1960, aligundua kwamba majani ya baadhi ya vichaka, ambayo mchana hukauka hata yakavunjika mkononi, hufyonza unyevu wa hewa usiku. Choroa alaye usiku hupata maji katika jani ambalo mchana lingekuwa kama karatasi. Yule babu mchunga ngamia hakuwa na maabara, lakini alikuwa ameyaona aliyoyaona, na alikuwa amemrithisha mjukuu wake.

Nyika yenyewe, ukiitazama kwa makini, ina mpango kama jengo la ghorofa. Chini kabisa hula digidigi, mnyama mdogo ambaye kichwa chake hakifiki juu ya goti la mtu mzima kwa mbali. Juu yake kidogo hula tandala mdogo. Ghorofa inayofuata ni ya swala twiga, naye twiga huyavuna majani ya vileleni. Kila mmoja ana chake, na kichaka kimoja huwalisha wote. Hapo ndipo mtu asiyejua hupita ndani ya basi akasema, "Hapa hapana kitu."

Kabla sijasonga mbele, nina neno kwa waalimu wenzangu wa sayansi na hata wa lugha. Katika miaka yangu ya kusahihisha mitihani nimelisoma mara nyingi jibu kwamba shingo ya mnyama fulani ilirefuka kwa sababu alikuwa akijinyoosha kuyafikia majani, kisha akawarithisha wanawe urefu huo. Wazo hilo si la watoto wetu. Lilitangazwa na Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck mwaka wa 1809, na sayansi imekwisha kuliacha. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka wa 1859, alitufungulia njia nyingine ya kulitazama jambo hilo. Katika kila kizazi huzaliwa wanyama waliotofautiana kidogo. Palipokuwa na ukame na majani ya chini yakaisha, wale waliojaliwa shingo ndefu kidogo au nyonga nyepesi kidogo walipata chakula, wakaishi, wakazaa. Wengine walipungua. Jambo hilo likarudiwa kizazi baada ya kizazi, kwa muda mrefu usiolinganishwa na historia ya mwanadamu, ndipo akapatikana mnyama tunayemwona leo. Hakukusudia kurefuka.

Waweza kuniambia kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu yasiyomhusu mwananchi wa kawaida. Yanamhusu sana. Mwanafunzi anayeamini kwamba mnyama hujirefusha shingo kila anapotaka, ataamini pia kwamba tukimharibia makao yake atajibadilisha upesi akaishi kwingine. Hawezi. Jike la swala twiga hubeba mimba kwa karibu miezi 7, naye huzaa mtoto mmoja tu. Muundo wake ulichukua maelfu kwa maelfu ya vizazi kukamilika, na umekamilika kwa ajili ya kichaka cha miiba. Msumeno na moto wa tanuri la makaa hukimaliza kichaka hicho kwa msimu mmoja. Katika mashindano hayo shingo ndefu haina la kufanya.

Sasa tuutazame upande wetu sisi wanadamu. Neno nyika lina historia ya kubezwa. Wasafiri wa misafara iliyotoka pwani kwenda bara waliiogopa nyika ya Taru kwa sababu ya kiu na miiba yake. Watu waliokaa ukingoni mwake wakaitwa Wanyika, jina la dharau ambalo wao wenyewe walikuja kulikataa wakajiita Mijikenda. Dharau hiyo haikuondoka na ukoloni. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika ulieleza kwamba fedha za maendeleo zitumiwe mahali zitakapozalisha zaidi, yaani penye mvua, rutuba na barabara. Sehemu kame, ambazo ni zaidi ya asilimia 80 ya nchi hii, zikaachwa nyuma kwa hesabu hiyo. Ilipita karibu nusu karne kabla ya Waraka Nambari 8 wa 2012 kukiri kwamba maeneo hayo yana utajiri wake na yanahitaji sera yake.

Tulipoamua kuisaidia nyika, mara nyingine tuliisaidia kama watu wasioijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wa kigeni ambao wananchi waliuita mathenge ulipandwa huko Baringo ili upunguze uhaba wa kuni na kuzuia upepo na jangwa. Nia ilikuwa njema. Lakini mti huo ulienea kwa kasi, ukaziba malisho na njia za kufikia maji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Katikati ya miaka ya 2000 wakazi wa jamii ya Ilchamus walikwenda mahakamani, na miongoni mwa vielelezo vyao alikuwa mbuzi asiye na meno. Wengi walicheka walipozisoma habari hizo gazetini. Mimi sikucheka, kwani niliyajua makosa hayo. Mtu alikuwa ameitazama ardhi yenye mimea yake, akaiona tupu, akaleta jibu kutoka mbali bila ya kumwuliza mwenyeji. Ndivyo nilivyofanya mimi na kalamu yangu nyekundu. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Gharama ya dharau hii sasa inahesabika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2016 na kundi la wanasayansi akiwemo Mkenya Joseph Ogutu, ukitegemea hesabu zilizofanywa kwa ndege katika kaunti 21 za malisho, ulionyesha kwamba wanyamapori wa maeneo hayo walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016. Tandala mdogo na choroa, wale majirani niliowataja, ni miongoni mwa waliopungua zaidi. Swala twiga mwenyewe amewekwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, katika orodha ya wanyama wanaokaribia kuwa hatarini. Vichaka hukatwa ili kuchomwa makaa yanayopikia chai yetu mijini. Ardhi hugawanywa na kuzungushiwa ua. Barabara na reli hupasua mapito ya wanyama.

Yamkini kuna msomaji ambaye tayari amekunja uso. Atauliza: je, mwandishi huyu anataka watu wa Tana River, Kitui au Isiolo wafe njaa ili swala mmoja mwenye shingo ndefu apate majani? Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa. Mchomaji makaa hachomi kwa kupenda moshi. Anachoma kwa sababu mvua imekosekana, mifugo imekufa na karo inadaiwa. Mimi mwenyewe nimeipokea karo iliyolipwa kwa magunia ya makaa.

Lakini tuutazame uchunguzi uo huo wa mwaka wa 2016. Katika muda ule ambapo wanyamapori walipungua, ng'ombe nao walipungua kwa asilimia 25 hivi. Kondoo na mbuzi, kwa upande mwingine, waliongezeka kwa asilimia 76, na ngamia kwa asilimia 13. Hizi si tarakimu za wanyama tu. Kwa maoni yangu zatueleza kwamba mfugaji anazidi kumtegemea mnyama anayeweza kuishi kwa majani ya vichaka pale nyasi zinapokosekana. Ngamia na mbuzi wake wanakula katika jengo lile lile la ghorofa alimo swala twiga. Kichaka kikiisha, atakayeumia kwanza ni mfugaji huyo. Tena tusijidanganye kwamba wingi wa mbuzi hauna madhara. Mbuzi wakizidi, ghorofa ya chini humalizwa, na miche haipati nafasi ya kukua. Hifadhi ya nyika ni suala la riziki ya mwanadamu kama lilivyo suala la mnyama, na asiyeliona hilo hajaelewa shida ya mchomaji makaa wala shida ya swala.

Ukame uliotupata majuzi ulitupa onyo jingine. Kati ya Februari na Oktoba 2022, kwa mujibu wa takwimu za serikali, nchi yetu ilipoteza nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381 na tembo 205 kwa sababu ya ukosefu wa mvua. Nyumbu na punda milia huishi kwa nyasi na maji. Hali ya anga ikiendelea kubadilika, maarifa ya kuishi bila ya nyasi nyingi wala maji mengi yatakuwa na thamani zaidi ya dhahabu. Maarifa hayo yameandikwa katika miili ya wanyama wa nyika, na katika vichwa vya wazee waliochunga humo. Ni maktaba mbili, na zote mbili tunaziacha zikiungua.

Tufanyeje basi? Sina uwezo wa kutunga sera, lakini nimeishi darasani miaka mingi, na nitasema juu ya darasa. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2019 unamtaka mwanafunzi ajifunze kutokana na mazingira yake. Kauli hiyo ni nzuri, na sasa tuitimize. Mwalimu anapofundisha jinsi viumbe wanavyoyamudu mazingira yao, asianzie kwa dubu wa barafu ambaye hakuna mtoto wa Kenya aliyemwona. Hata ngamia, pamoja na heshima zake zote, asiwe jibu la pekee. Aanze na swala twiga, choroa na digidigi. Awaulize wanafunzi ni mimea gani mbuzi wa kwao huila wakati wa kiangazi, na ni ipi huiacha. Awatume wakawaulize babu na nyanya zao majina ya mimea hiyo kwa lugha za nyumbani, kisha wayaandike. Mwalimu wa Kiswahili naye awape insha kuhusu kichaka kimoja tu: nani hula humo, nani hujificha humo, na kwa nini. Mambo haya hayahitaji fedha wala kompyuta. Yanahitaji mwalimu asiyeogopa kujibiwa jambo asilolijua.

Nanyi wanafunzi, hasa nyinyi mliotoka Mandera, Wajir, Garissa, Marsabit, Turkana na kwingineko ambako vitabu huwa vinasema ni kukavu tu, msione haya kuandika mnachokijua. Kiandikeni kwa ushahidi na kwa mpangilio, ili anayesahihisha asipate pa kukishika. Iwapo mwalimu atakikata kama nilivyokata mimi, mwulizeni kwa adabu, na mumwulize tena. Yule kijana wangu aliuliza mara moja, akanyamaza. Laiti angaliniuliza mara ya pili!

Sijui aliko leo. Alimaliza masomo yake na kuondoka kabla ya safari ile ya Tsavo, na sikupata nafasi ya kumwomba radhi. Sasa ni mtu mzima, pengine mwenye watoto wanaokalia madawati na kuulizwa swali lile lile. Ikiwa gazeti hili litamfikia mkononi, namwomba aipokee hukumu yangu mpya, ijapokuwa imechelewa mno: jibu lake la kwanza lilikuwa sahihi, na la pili pia. Alama mbili kwa mbili.